Bi Zamda Aitwa Kuigiza Ubaya Wake

Nchi hii haina jina. Ilikuwa nalo, zuri tu, lakini Mheshimiwa Jemadari alilichukua kwenda kulifanyia matengenezo na mpaka leo halijarudi. Wananchi hawajalidai. Kwanza si watu wa kudai, na pili, aliyelidai mara ya mwisho naye alichukuliwa kwenda matengenezo.

Watu wa nchi hiyo walipenda sana taarab. Mwimbaji akimgusa mtu moyo, mtu alipanda jukwaani kumtunza noti, kama ifanyikavyo kwingine. Mambo yalikwenda vizuri mpaka Jemadari alipoweka sura yake kwenye noti. Tangu siku hiyo ikawa kosa kukunja noti, kosa kuipepea, na kosa kubwa zaidi kuibandika kwenye paji la mwimbaji, kwa sababu huko ni kumpaka Mkuu wa Nchi jasho la mtu mwingine. Basi noti zikabaki majumbani, zimenyooshwa chini ya magodoro. Lakini miguu ya watu ilikwisha zoea kupanda. Muziki ukikolea, watu walijikuta wamefika juu, mikono mitupu, hawajui waifanyie nini. Pole pole wakaitafutia kazi. Aliyeigiza mtu mwema wakamkumbatia. Aliyeigiza mtu mbaya wakampiga.

Serikali iliona jambo hilo ikalipenda, ikalipa na jina: Kutunza kwa Mkono Mtupu. Ikaunda Idara ya Furaha ya Umma kulisimamia, chini ya Bwana Kirobo, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, anayetokwa na machozi kila anapotamka neno "utamaduni". Kanuni ilikuwa moja tu. Mwigizaji akifa, kupiga kukome, watu wasimame wima waimbe wimbo wa taifa. Kanuni hiyo ilitungwa baada ya mchezo wa watoto wa chekechea, ambapo mwalimu aliyevaa ngozi ya fisi aliendelea kupigwa na wazazi hata baada ya kukata roho, na mgeni rasmi akachelewa chakula chake.

*

Jemadari alikuwa na mpishi, jina lake Tunu. Hakuna asiyemjua Tunu. Sura yake ilichapwa kwenye pakiti za chumvi. Pilau yake ilimfanya balozi mmoja atie saini mkataba bila kuusoma, na nchi ya balozi yule mpaka leo inailetea nchi hii chuma na haijui kwa nini. Jemadari akaamuru utoto wa Tunu uwekwe jukwaani, tena uimbwe, tangu njaa yake hadi Ikulu, ili vijana wajifunze kwamba kila njaa ina mlango wa kutokea, na ufunguo anao yeye.

Idara ikatunga igizo la nyimbo, ikaliita *Moshi wa Utoto*. Tunu alikuwa yatima aliyeokotwa na mwanamke mmoja aliyemwita shangazi, Bi Zamda, mwenye kibanda cha chakula karibu na stesheni ya reli. Hapo ndipo alipojifunza kupika. Pia alikuwa na kovu kubwa kwenye mkono wa kushoto, limeanzia kwenye kiwiko likashuka mpaka kwenye kiganja. Katika igizo, Bi Zamda ni mwanamke mwenye kucha ndefu anayemmwagia mtoto supu ya moto huku akicheka. Ndipo anatokea koplo mmoja kijana, yaani Jemadari mwenyewe kabla ya vyeo kumfuata, vinanda vinalia, anamshika yule mwanamke mkono na kumwokoa mtoto.

Lakini kila aliyewahi kula pale stesheni zamani alikumbuka ilivyokuwa. Koplo alikula kibandani pale bila kulipa, na siku moja supu ikamuunguza ulimi. Akasema mtoto huyu amekusudia kuunguza mdomo wa Serikali. Akaushika mkono wa Tunu, akaunyoosha juu ya meza, akaliinamisha bakuli taratibu, akizungusha kifundo cha mkono kama mtu anayemwagilia mche wa mchicha. Aliyelia zaidi siku ile alikuwa Bi Zamda. Mambo hayo yalikumbukwa na watu wengi sana, na kwa sababu ni wengi hivyo, hakuna aliyeona haja ya kuyasema.

*

Tabu ikawa nani aigize Bi Zamda. Mwigizaji wa kwanza alipoteza meno ya mbele. Wa pili alivunjwa taya wakati wa mazoezi na waimbaji wenzake, ambao hawakuwa na subira ya kuwangoja watazamaji. Wa tatu alipanda juu ya tangi la maji akakataa kushuka, watu wakalisukuma tangi. Bwana Kirobo akaitisha mkutano.

"Ndugu zangu," alisema, machozi yakimlenga, "tunawaumiza watu wasio na hatia. Hii ni dhuluma, na sisi si serikali ya dhuluma. Kwa nini tumtafute mtu wa kumwigiza Zamda wakati Zamda mwenyewe yu hai, yuko stesheni anakaanga vitumbua?"

Wote wakapiga makofi. Mmoja aliuliza kwa sauti ndogo kama mama yule anajua kuimba. Akajibiwa kwamba atajua.

Askari wawili walimkuta Bi Zamda kwenye kikaango chake. Alikuwa mzee tayari, mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama za mafuta.

"Shikamoo, bibi," alisema askari mkubwa.

"Marahaba, baba."

"Tumekuja kukukamata."

"Haya, kaeni kwanza. Hivi viko karibu kuiva."

Walikaa, wakala, wakasifu. Yule mdogo aliomba cha pili. Kisha wakamfunga kamba mikononi na kumpandisha garini, na mkubwa akamuuliza njiani, kwa heshima, "Bibi, wewe ndiye uliyemmwagia mtoto supu?"

"Si mimi. Wewe mama yako hakuwa akila stesheni?"

"Alikuwa akila."

"Basi muulize."

"Nilimuuliza," askari alisema. "Alinipiga kofi akaniambia ninyamaze."

*

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa Idara. Mwongozaji alikuwa Bwana Shebe, kijana mwenye kofia ya manyoya katika nchi ya joto. Alimvalisha Bi Zamda kucha za bati, akampa bakuli.

"Mama, cheka."

Bi Zamda akacheka.

"Hicho ni kicheko cha mtu aliyeona mjukuu. Cheka kama shetani. Ubaya wako haufiki viti vya nyuma!"

"Mwanangu, mimi sikummwagia."

"Hilo tunalijua, mama," alisema Bwana Shebe, akiwa na haraka. "Wote humu ndani tunalijua. Ndiyo maana tunafanya mazoezi."

Waimbaji wakapanga mstari wakaimba:

*Nani kamwaga supu kwenye mkono wa mtoto?*
*Zamda! Zamda!*
*Nani kaja mbio kuuzima ule moto?*
*Koplo! Koplo!*

Kila lilipotajwa jina lake, mstari ulimfikia Bi Zamda na kumpiga, kwa kipimo cha mazoezi. Kipimo cha mazoezi kilikuwa ngumi bila pete. Siku ya kwanza jicho lake lilifumba. Baadaye ubavu mmoja ukalia kama ukuni mkavu, na mwimbaji aliyehusika akasimamisha wimbo na kuomba radhi kwa Bwana Shebe, maana alikuwa ametoka nje ya mdundo. Mtu wa Idara wa kuwapaka waigizaji rangi usoni alifurahi sana. Alisema uso wa bibi huyu unajipaka wenyewe, na akaenda kupaka lango la bosi wake kwa rangi iliyobaki.

Aliyemtia uchungu zaidi alikuwa yule aliyeigiza Koplo, kijana mrefu mzuri aliyeitwa Mbaruku. Mbaruku hakumpiga. Kazi yake ilikuwa kumshika mkono tu. Lakini baada ya kila mazoezi watu walimkumbatia Mbaruku mpaka alichubuka, na usiku alilalamika kuumwa mgongo wakati Bi Zamda amelala sakafuni upande wa pili, akitema damu ndani ya kopo la maziwa.

"Bibi, na wewe huwezi kulala?" alimuuliza.

"Siwezi."

"Sifa ni mzigo," alisema Mbaruku.

Bi Zamda alikuwa na tumaini moja. Tunu alikuwa hai, mkono ulikuwa wake, na maneno yake mawili yangetosha: *hakunimwagia yeye*. Alimwomba kila mtu, hata mfagizi, aitiwe Tunu. Bwana Kirobo aliposikia alilia kwa furaha. "Mkutano wa mtesaji na mteswa! Waiteni na wapiga picha!"

Tunu akaja. Alikuwa amenenepa, amevaa vazi jeupe la Ikulu, na pembeni yake alisimama msaidizi wa Jemadari aliyeshika bastola kama watu wengine wanavyoshika mwavuli. Tunu alipouona uso wa Bi Zamda alisimama ghafla.

"Tunu, mwanangu," alisema Bi Zamda. "Waambie nani."

Msaidizi akakohoa. Tunu akakunja mkono wa vazi lake, akalionyesha kovu kwa wapiga picha, mbele na nyuma.

"Supu ilikuwa ya moto sana," alisema.

Makofi yakalia muda mrefu. Bwana Kirobo alilazimika kukaa. Tunu akageuka akaondoka bila kumtazama tena Bi Zamda, na Bi Zamda akajua kwamba siku ya ufunguzi atakufa, na kwamba watu watakuja na watoto wao.

*

Ufunguzi ulifanyika saa nane mchana uwanjani, kwa sababu Jemadari hapendi giza asilolitoa yeye. Watu walifurika. Walitoka wilaya zote kwa malori, nao hawakuja mikono mitupu kama jina la Kutunza linavyotaka. Wengine walishika michi, wengine fimbo za kuswagia ng'ombe, na akina mama wa Umoja wa wanawake walikuja na vibao vya mbuzi, vile vya kukunia nazi, vimenolewa. Idara ilikuwa imepanga foleni ya kutunza tangu asubuhi, ikatoka jukwaani ikazunguka uwanja ikaishia sokoni. Chini ya hema kubwa karamu ilikuwa tayari, nayo ilipikwa na Tunu mwenyewe: pilau, na masufuria ya supu yakichemka juu ya makaa.

Jemadari aliketi mbele. Alikuwa mfupi kuliko Mbaruku kwa kichwa kizima, na Mbaruku alipotokea jukwaani akiwa Koplo, Jemadari aliinuka nusu, akajitazama vilivyo, akaketi ameridhika.

Igizo likaenda. Njaa ikaimbwa. Uyatima ukaimbwa. Ukafika wakati wa supu. Bi Zamda akainamisha bakuli lake tupu juu ya mkono wa binti aliyeigiza Tunu, akacheka kicheko alichofundishwa, na kutoka viti vya nyuma ulisikika mngurumo kama wa lori linalopanda mlima. Mbaruku akamshika mkono. Waimbaji wakaanza: *Nani kamwaga supu?* Uwanja mzima ukajibu, "Zamda!" Foleni ikasogea.

Bwana Kirobo akainua mkono kuizuia. "Heshima kwanza!" alipiga kelele kwa ile sauti nyembamba. "Mgeni rasmi afungue kutunza!"

Jemadari akatabasamu. "Aliyeungua ndiye aanze," alisema.

Tunu akatoka hemani. Mkononi alikuwa na mwiko wa pilau, ule wa kupikia shughuli, mzito, mrefu kama kasia. Akapanda ngazi. Bi Zamda alimtazama akija, akaona macho yake yamekauka, akasema kwa sauti ya chini, "Tunu, nifanyie haraka. Usiwaachie hawa."

Tunu akainua mwiko akampiga begani. Ulilia kishindo kikubwa, uwanja ukashangilia, lakini Bi Zamda, aliyekwisha pigwa sana mwezi ule na kujifunza, alihisi kwamba ubapa ulikuwa umelazwa na nguvu zilikuwa zimezuiwa. Kabla hajaelewa, ukaja wa pili. Huo haukuzuiwa. Ulimpata kati ya shingo na bega, mfupa ukakatika, meno yake yakagongana yakaukata ulimi, akaanguka chali damu ikimjaa kinywani.

Tunu akapiga magoti juu yake.

"Kufa, shangazi," alinong'ona. "Kufa upesi, nakuomba."

Bi Zamda akafumba macho akafa.

"Amekufa!" Tunu alipiga kelele, akasimama na kuinua mwiko wenye damu. "Amekufa! Wimbo wa taifa!"

Manung'uniko yalipita kwenye foleni mpaka yakafika sokoni. Mama mmoja wa Umoja alitupa kibao chake cha mbuzi chini. "Mapigo mawili tu!" alisema. "Mtu ametoka nyumbani alfajiri, ameacha mgonjwa!" Lakini kanuni ni kanuni. Walisimama wima, wengine wakiwa bado wamebeba michi begani kama bunduki, wakaimba beti zote. Bi Zamda alilala akiusikia wimbo wote, akiimeza damu yake kidogo kidogo ili isimpalie.

Wimbo ulipokwisha, Jemadari alikuwa amekwisha panda jukwaani. Kuna mambo ambayo kiongozi mkubwa humwachia waziri, lakini vifo Jemadari alivikagua mwenyewe. Alivizoea.

Akamkanyaga Bi Zamda vidole kwa kisigino, akazungusha. Vidole havikusogea. Akampiga teke ubavuni, penye ule ubavu uliovunjwa mazoezini. Mwili ukayumba ukarudi. Jemadari akakuna kidevu.

"Wazee wa siku hizi ni wajanja," alisema. "Leteni supu."

Likaletwa bakuli kutoka hemani, linatoa mvuke. Tunu alikuwa amesimama hatua moja tu pembeni, mwiko mkononi. Jemadari akachuchumaa, akaushika mkono wa kushoto wa Bi Zamda, akaunyoosha juu ya mbao za jukwaa, akaliinamisha bakuli. Aliimwaga taratibu, akizungusha kifundo cha mkono kama mtu anayemwagilia mche wa mchicha.

Ngozi ilipanda malengelenge mbele ya macho ya watu. Bi Zamda hakupumua. Alikwenda mbali ndani yake, mpaka kwenye kibanda cha stesheni, akamkuta mtoto analia, akaushika mkono wa mtoto akautumbukiza kwenye ndoo ya maji, akakaa naye hapo. Bakuli likaisha.

"Amekufa kweli," Jemadari alitangaza, akisimama. "Mtu mzima hawezi kuvumilia hii akanyamaza. Hata mtoto alipiga kelele mpaka treni—"

Akanyamaza.

Uwanja nao ukanyamaza. Ulikuwa na maelfu ya watu, na kila mmoja alianza kuvitazama viatu vyake kwa makini, na wasio na viatu wakatazama vya jirani. Mbaruku, aliyesimama karibu akiwa bado amevaa sare ya Koplo, alianza kuvua vifungo vyake kimoja kimoja bila kujua anafanya nini. Jemadari aliwatazama watu. Mkono wake ukaenda kwenye bastola kiunoni, ukatulia pale.

Bwana Kirobo ndiye aliyeokoa taifa. Akaanza kupiga makofi. Alipiga peke yake kwa muda, machozi yakimtiririka, kisha akina mama wa Umoja wakaunga, kisha foleni, kisha uwanja wote, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha. Walipiga mpaka viganja vikapasuka. Wazee wawili walianguka, na mmoja aliyekuwa katikati ya foleni alizimia akiwa bado anapiga.

Katika kelele hiyo Tunu alimkunja Bi Zamda ndani ya kitambaa cha meza, akambeba mabegani, akasema anampeleka kwenye shimo la majivu. Hakuna aliyemzuia, kwa kuwa kila mmoja alihitaji mikono yake yote miwili.

*

Bi Zamda ni marehemu kwa mujibu wa sheria, na anaosha masufuria katika jiko la Ikulu. Askari wa zamu wanamwona kila siku, lakini marehemu hayumo katika watu wanaotakiwa kuulizwa wametoka wapi. Bega lake lilijiunga kombo. Mkono wake wa kushoto una kovu, limeanzia kwenye kiwiko likashuka mpaka kwenye kiganja, na akikaa na Tunu kumenya vitunguu, mikono yao inafanana kama ya mama na mwana.

Igizo linaendelea. Kwa kuwa mwenyewe amefariki, Idara ilitafuta ikampata Zamda mwingine, mshona mikeka wa kusini ambaye hajawahi hata kuiona reli. Alipomalizwa, wakamleta wa tatu. Jina hilo limekuwa adimu nchini, na wazazi wameacha kabisa kuwapa watoto.

Siku moja, waliposikia ngoma za onyesho jingine zikipita nje ya ukuta, Bi Zamda aliacha kisu.

"Tunu."

"Naam, shangazi."

"Ule mwiko wa kwanza ulinipiga wa uongo. Niliusikia."

"Ndiyo, shangazi. Nilitaka waone tu."

"Na wa pili?"

Tunu aliendelea kukata vitunguu. Alikata kimoja, akakisogeza, akachukua kingine. Nje watu walikuwa wakiimba *Zamda! Zamda!* na sauti za watoto zilikuwa nyingi.

"Wa pili nilinogewa," alisema.

Bi Zamda alinyoosha mkono wake wenye kovu, akauondoa mwiko uliokuwa kati yao, akainuka nao kwa tabu, akaenda kukaa upande wa pili wa jiko.